Ile nyumba ya Shangani ilikuwa ya Tippu Tip kweli?

Mwalimu mmoja wa historia kutoka Tanga ameniandikia barua ndefu. Naifupisha:

"Niliwapeleka wanafunzi wangu Unguja. Tulipofika Shangani, nyuma ya Africa House, mtembeza watalii alitusimamisha mbele ya nyumba kubwa iliyochakaa yenye mlango wa nakshi, akasema ni ya Tippu Tip. Akatuonyesha mnyororo uliochongwa pembezoni mwa mlango, akasema hiyo ndiyo alama ya mfanyabiashara ya watumwa. Akaongeza kwamba watumwa walizikwa wazima chini ya kizingiti ili nyumba isianguke, na kwamba usiku husikika vilio. Wanafunzi walinyamaza kimya. Mmoja wao, ambaye babu yake hujiita Mmanyema, yaani mtu wa asili ya mashariki ya Kongo, akaniuliza: 'Mwalimu, huyu mtu alikuwa nani kwetu sisi?' Sikuwa na la kumjibu. Je, nyumba ni yake kweli? Na hayo ya mnyororo na makaburi yana ukweli gani?"

Mwalimu, salamu, na poleni na safari ya boti.

Nianze na lililo jepesi. Nyumba ni ile ile, hamkudanganywa. Ile yenye ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe mlangoni ndiyo watu wa Shangani wameiita nyumba ya Tippu Tip kizazi baada ya kizazi. Ila hilo neno "ya" lina mambo mengi ndani yake. Mji Mkongwe una tabia ya kuzipa nyumba majina ya watu mashuhuri hata kama hawakuweka jiwe wala boriti. Mfano ulio wazi ni ile inayoitwa Nyumba ya Livingstone, upande wa kaskazini mwa mji. Aliyeijengesha ni Sultani, Seyyid Majid bin Said, naye Livingstone alikaa humo kwa muda tu mwaka 1866 akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho, kisha jina la mpangaji likalifunika la mwenye nyumba. Na hapo hapo Shangani kila siku utawakuta wageni wakiulizia nyumba ya Freddie Mercury, wanaonyeshwa mlango, wanapiga picha, wanaondoka wameridhika.

Kwa Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, umiliki si wa kutiliwa shaka. Linalosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake hakuwamo humo. Tangu ujana mpaka alipokaribia miaka 55 alikuwa bara: Tabora, Itabwa, Utetera, Kasongo, maporomoko ya mto Kongo. Unguja alikuwa akija, tena baada ya miaka mingi, kuuza pembe, kulipa madeni, kukopa upya na kuondoka. Aliporudi jumla ilikuwa mwaka 1891, akaishi mjini hadi malaria ilipomuua mwezi Juni 1905. Kwa hiyo ukisimama mbele ya ngazi zile, usimwone kijana mwenye bunduki akitoka kwenda msafara. Mwone mzee aliyemaliza safari, anayepokea wageni barazani, anayedaiwa na kudai, na anayeangalia kwa mbali himaya aliyoijenga ikibomolewa.

Sasa mnyororo. Hadithi hii naisikia tangu nikiwa mdogo, na kila mwaka inazidi kunoga. Ukweli ni kwamba mnyororo ni nakshi ya kawaida kabisa kwenye milango ya pwani. Utauona kwenye fremu za nyumba nyingi, pamoja na kamba zilizosokotwa, mawimbi, samaki, maua ya yungiyungi na mitende. Wapo wanaosema mnyororo unaizunguka nyumba kuilinda, yaani baya lisivuke. Wapo wanaosema samaki ni riziki au uzazi, na mtende ni neema. Binafsi nina tahadhari hata na maelezo haya mazuri. Fundi seremala aliyekaa chini na patasi yake alikuwa na michoro aliyorithi kwa bwana wake, mteja akichagua kama mtu anavyochagua leso dukani: hii imenipendeza, hii imo kwa jirani yangu nami naitaka. Mlango haukuwa hati ya kazi ya mwenye nyumba. Ungekuwa hivyo, tungeona meno ya tembo yamechongwa Shangani nzima, maana pembe ndizo zilizowatajirisha wengi wao kuliko kitu kingine.

Kwa kuwa tumo mlangoni, nikutajie sehemu zake ili ukirudi na wanafunzi uwafundishe majina. Mbao mbili za kusimama ni miimo. Ya chini ni kizingiti, na ya juu, yenye nakshi nzito na mara nyingi aya ya Qurani au mwaka wa Hijra, ni kizingiti cha juu. Ule ubao wa katikati unaofunika pale mbawa mbili zinapokutana unaitwa mfaa. Vile vitunguu vya shaba vilivyochongoka ni njumu. Watawaambia njumu ziliwekwa kuzuia tembo wasisukume mlango kwa kichwa. Kwenye ngome za India mazungumzo hayo yana maana. Unguja tembo angetokea wapi? Mtindo ulikuja na mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi, ukabaki kwa sababu unang'aa na unaonyesha kwamba mwenye nyumba ana uwezo wa kununua shaba. Mbao bora zilikuwa za msaji, nazo pia zilivuka bahari.

Kuhusu watu waliozikwa wazima chini ya kizingiti, hapa nitakuwa mkali kidogo. Hii ni hadithi inayohamahama. Utaisikia Shangani, utaisikia Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani, kwamba chini ya kila nguzo kuna mtumwa, utaisikia kwenye kila jengo kubwa ambalo watu hawaelewi lilisimamaje. Siikatai kwa kuwa watumwa walitendewa vyema, Mungu apishe mbali. Naikataa kwa sababu haina hata hati moja ya kuiunga mkono, na zaidi kwa sababu inatuibia hadithi ya kweli. Mtalii akishasikia habari za mzimu, hisia zake zimeshiba, haulizi tena. Haulizi nani alibeba mawe ya matumbawe kutoka ufukweni, nani alichoma chokaa, nani alikata boriti za mikoko kwenye matope na kuzileta kwa jahazi. (Boriti hizo ndizo zilizoamua umbo la nyumba zote unazoziona: hazifiki mbali, kwa hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 3 au pungufu. Waambie wanafunzi wapime kwa hatua.) Waliofanya kazi hizo wengi walikuwa watumwa, na hawakuhitaji kuzikwa chini ya mlango ndipo nyumba iwe yao kwa jasho.

Halafu kuna swali ambalo mtembeza watalii hulikwepa: je, watu waliuzwa ndani ya nyumba ile? Soko la hadhara la Unguja lilikuwa Mkunazini, pale lilipo kanisa kuu la Anglikana sasa, na lilifungwa kwa mkataba ambao Seyyid Barghash alitia saini tarehe 5 Juni 1873. Kuanzia siku hiyo biashara ya kuwasafirisha watumwa kwa bahari ikawa haramu, ingawa ya magendo iliendelea. Utumwa wenyewe haukufutwa. Mtu aliyekuwa mtumwa mwezi Mei alibaki mtumwa mwezi Julai, shambani kwenye mikarafuu au jikoni mjini. Amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria ilikuja tarehe 6 Aprili 1897, wakati wa Seyyid Hamoud bin Mohammed, na hata hapo ilimpasa mtumwa mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru wake, huku bwana akilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909.

Weka tarehe hizo kando ya maisha ya mwenye nyumba. Aliingia kukaa moja kwa moja mwaka 1891: soko limeshafungwa miaka 18, utumwa bado halali kwa miaka 6 mingine. Hiyo ndiyo nyumba yenyewe. Si ghala la kuuzia watu, bali nyumba ya tajiri ambamo ghorofa ya chini, kama desturi ya nyumba kubwa za mji ilivyokuwa, ilikuwa ya mizigo na watumishi, na ya juu ya wenyewe. Watumwa walikuwamo, tena wengi. Walifagia, walipika, walibeba maji, walifungua mlango ule ule wa nakshi. Na mashambani walikuwapo maelfu: hutajwa kwamba kufikia mwaka 1895 Tippu Tip alikuwa na mashamba 7 na watumwa wapatao 10,000. Hata ukiipunguza nusu hesabu hiyo, bado huhitaji mzimu.

Basi tumfikie mwenyewe, maana mwanafunzi wako hakuuliza habari za mbao.

Jina lake Hamed bin Muhammad bin Juma el Murjebi. Alizaliwa Kwarara, nje kidogo ya mji wa Unguja, karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mkubwa Tabora, na mama yake alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Maskati. Lakini katika nasaba ya upande wa baba yumo bibi Mwafrika wa Mbwamaji, kusini ya Dar es Salaam. Wazungu waliokutana naye waliandika sana juu ya weusi wa uso wake, kana kwamba walitegemea mtu mwingine. Yeye alijiita Mwarabu, alizungumza na kuandika Kiswahili, na bara alijulikana kama mtu wa pwani. Wanafunzi wakiuliza "alikuwa Mwarabu au Mswahili?", waambie swali hilo lingemchekesha.

Alianza na miaka 12, akifanya biashara ya sandarusi, utomvu wa kutengenezea vanishi, katika safari fupi fupi za mrima, yaani pwani ya bara. Akafika miaka 18 ndipo akaongozana na baba yake hadi Unyanyembe. Kutoka hapo hakurudi nyuma. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa aliyekuwa akiogopwa na misafara yote kusini ya ziwa Tanganyika, akamshinda na kuteka pembe na shaba. Mwaka huo huo alikutana na Livingstone, akampa chakula na watu wa kumsindikiza. Jina la Tippu Tip, mwenyewe alieleza, lilitokana na mlio wa bunduki zake: tip, tip, tip. Wengine walidai linatokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mimi nachukua maelezo yake, si kwa sababu ni ya kweli zaidi, ila kwa sababu yanaonyesha alitaka akumbukwe kwa lipi. Alikuwa na majina mengine ya porini pia, moja likiwa Mkangwanzara, yaani asiyeogopa kitu ila njaa.

Kituko cha maisha yake ambacho vitabu vya shule hukiruka ni Utetera, katika Kongo ya leo. Alifika kwa mtawala mzee, Kasongo Rushie, akiwa amesikia kwamba zamani dada za mzee huyo walitekwa na kupelekwa mbali. Akasema: mimi ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akasadiki, au alitaka kusadiki, akamwachia utawala. Hakupiga risasi hata moja. Na katika kumbukumbu zake anasimulia jambo hilo bila haya yoyote, kama mtu anayesimulia alivyomzidi akili muuzaji sokoni. Mtu akiniuliza Tippu Tip alikuwa mtu wa namna gani, hiki ndicho kisa ninachompa. Ukatili wake ulikuwa wa mtu mwenye hesabu, mwenye ulimi, anayejua lini bunduki na lini uongo.

Nitoe na hili kwa haki. Mauaji ya soko la Nyangwe ya Julai 1871, ambayo Livingstone aliyaona kwa macho yake, mara nyingi hubandikwa Tippu Tip. Hayakuwa yake. Waliofyatua bunduki walikuwa watu wa mfanyabiashara mwingine, Dugumbe. Yake yanamtosha.

Mwaka 1876 alikutana na Stanley, mpelelezi wa Kizungu, ambaye alimwahidi reale 5,000 amsindikize kambi 60 kuteremka mto Lualaba. Hakuzimaliza zote; waliachana mwishoni mwa mwaka, Stanley akaendelea na mto hadi bahari ya Atlantiki. Safari ile ilifungua njia, na waliopita njia hiyo baadaye ndio waliommaliza Tippu Tip. Mwaka 1887 Stanley yule yule alikuja Unguja na mkataba wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji: Tippu Tip awe liwali wa maporomoko ya Stanley, ambako leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Fikiria, mwalimu. Mtu ambaye misafara yake ilijaza maghala ya Unguja kwa pembe anapewa mshahara wa karani na bendera ya kupandisha. Akakubali, kwa sababu alishaona Sultani hana jeshi la kumlinda bara na kwamba Wazungu wanagawana kila kitu. Akasafiri kwa meli kuzunguka kusini yote ya Afrika akaingilia mdomo wa Kongo. Alikaa huko mpaka 1890.

Hapa ndipo ninapotaka kukurudisha Shangani, kwa sababu mlango ule ulilipiwa na kitu ambacho hakichongwi: mkopo.

Hakuna msafara ulioondoka Bagamoyo kwa fedha ya mkononi. Mwenye msafara alikwenda kwa tajiri wa Kihindi akachukua mali kwa deni: vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga, masango (nyaya nene za shaba), bunduki, baruti. Alirudi baada ya miaka miwili, mitatu, kumi, akalipa kwa pembe, na faida ya mkopeshaji ilikuwa imeshafichwa ndani ya bei. Mkopeshaji mkuu wa Tippu Tip alikuwa Tharia Topan, Mhindi wa Kutch aliyewahi pia kukodi forodha ya Sultani. Jengo lake umelipita bila kujua: ile zahanati ya zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa kama shela, ukitoka bandarini kuelekea Forodhani. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, naye akafa 1891 kabla halijamalizika. Ningekuwa mimi ndiye mtembeza watalii, ningeanza kwenye zahanati, kisha ndiyo niende Shangani. Nyumba hizo mbili ni kurasa mbili za daftari moja. Pembe iliyong'olewa Manyema ilibebwa begani na mpagazi au mtumwa mpaka ziwa Tanganyika. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni kama kilomita 1,200 nyingine. Ikapimwa kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16, ikakatwa kwenye deni, ikapakiwa melini. Ikaishia kwenye vitufe vya piano na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Marumaru ya ngazi ilisafiri kinyume chake.

Na deni halikumwacha hata uzeeni. Stanley, baada ya msafara wake wa kumwokoa Emin Pasha, liwali wa Misri aliyekwama kusini mwa Sudan, kuharibika na watu wengi wa kikosi cha nyuma kufa, alimtupia lawama Tippu Tip kwamba hakuleta wapagazi aliowaahidi, akafungua kesi katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza hapo Unguja kudai pauni 10,000 kutoka katika fedha zake zilizokuwa mikononi mwa Tharia Topan. Kesi ikaja kuachwa. Lakini ndiyo hiyo iliyomrudisha pwani kwa haraka, mgonjwa, akihofia mali yake.

Jambo jingine ambalo hakuna anayelisema mbele ya mlango ule: wanawake. Tippu Tip alioa binti wa Salum bin Abdallah el Barwani, mwanamke mwenye mali yake Unguja na Maskati. Katika mji huu nyumba nyingi zinazotajwa kwa jina la bwana zilipita mikononi mwa mke, mama au binti, kwa urithi, mahari au wakfu. Miaka yote ile mume akiwa Kasongo, nani alikaa mjini, akasimamia mashamba na watumwa, akapokea barua za wadai? Wanafunzi wako wa kike watalipenda swali hilo. Ukitaka kulifuatilia kwa kina, mlango wa kugonga ni Nyaraka za Taifa, Kilimani, kwenye hati za Kiarabu za mauziano na rehani.

Alipokuwa amekaa Shangani, habari za bara zilimfikia moja baada ya nyingine. Vita kati ya dola ya Leopold na Waarabu vilianza 1892. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata. Mwanawe Sefu, aliyemwacha huko, akauawa mwaka huo huo. Yeye hakwenda. Alikaa akaandika.

Na hiki ndicho ninachokiona kuwa hazina kuliko mlango. Mzee aliandika maisha yake kwa mkono wake, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani mmoja wa ubalozi, Heinrich Brode, akayageuza kwa herufi za Kilatini na kuyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900, na yanapatikana hadi leo kwa Kiswahili chake cha asili. Ni Kiswahili kikavu, chepesi, cha mtu anayetoa taarifa: tulikwenda, tukapigana, tukapata pembe kadhaa, tukarudi. Watu wanakufa katikati ya sentensi na sentensi haisimami. Wasomee wanafunzi ukurasa mmoja wa vita vya Nsama kwa sauti, bila kueleza lolote, halafu waulize: nani ametajwa kwa jina, na nani amehesabiwa tu? Pembe zake amezihesabu kwa frasila. Waliozibeba hawana majina.

Kuhusu hali ya nyumba yenyewe: baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya matajiri yalitwaliwa na kugawanywa vyumba vyumba, na ile nayo imekaa familia kadhaa kwa miaka mingi. Wanaanika nguo, wanapika, wana watoto wanaokwenda shule kama wako. Hivyo usiingie na darasa zima bila hodi. Kaa barazani upande wa pili wa kichochoro, zungumzeni hapo, na msipige picha za watu. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zinataka matengenezo kila msimu. Maji yakishaingia kwenye boriti, dari inaanza kushuka kimya kimya. Beit al-Ajaib, jengo la 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa. Kuingia Urithi wa Dunia mwaka 2000 hakukuzuia mvua. Kwa hiyo nyie mnaopanga kurudi, msichelewe sana.

Nimeliacha la mwanafunzi mwishoni kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi.

Manyema ni jina la nchi, mashariki ya Kongo, eneo lile lile la Nyangwe na Kasongo. Watu waliofika pwani kwa jina hilo walikuja kwa njia tofauti. Wengine waliletwa kwa nguvu. Wengine walikuja kama wapagazi. Wengine walikuwa askari na wafuasi wa hao hao wafanyabiashara, wakapewa bunduki, wakawa wanateka wenzao. Wapo waliokuwa yote matatu kwa nyakati tofauti za maisha yao. Walikaa Ujiji, Tabora, Bagamoyo, wakafika Dar es Salaam, ambako msikiti wa Manyema pale Kariakoo bado unalo jina. Na Kiswahili walichokwenda nacho na kurudi nacho ndicho mzazi wa Kingwana, Kiswahili cha Kongo. Kwa hiyo jibu la "alikuwa nani kwetu" linaweza kuwa mnunuzi, au bwana, au kiongozi wa safari, na siwezi kumchagulia mtoto lipi ni la kwake.

Anayeweza kumsogeza mbele ni babu yake. Mwambie asimuulize "sisi tulikuwa watumwa?", maana mzee atafunga mdomo, na ana haki ya kuufunga. Amuulize majina: mji gani ulitajwa nyumbani, mto gani, nani alikuwa wa kwanza kufika Tanga na alifika na nani, wimbo gani wanawake waliimba kwenye harusi ambao maneno yake hayakuwa ya Kiswahili. Akiandika hata jina moja la mahali, lisilosomeka vizuri, nitumie. Ramani za njia za misafara ninazo, na majina mengi ya vituo bado yanatambulika.